Mvua ya kwanza si mvua ya kupanda yote



Kikundi kimoja cha wamama wa Katuba, hapa Lubumbashi, kimetuletea swali, na nimeomba ukurasa wetu wote wa juma hili ili nilijibu vizuri. Wako wamama 14. Mwezi uliopita walikusanya pesa ya likelemba, wakanunua mbegu za lengalenga, za shu na za gombo, wakalima matuta 10 katika kiwanja walichoazimwa. Juma lililopita mvua imenyesha mara mbili. Nusu yao wanasema: "Tupande zote leo, mvua imefika." Nusu nyingine wanasema: "Tungoje." Maneno yamekuwa makali, hata wamama wawili hawasalimiani tena. Ninawaelewa. Pesa ile si ya kuchezea. Inapaswa kurudi mkononi kabla ya mwezi wa 1, wakati watoto wa sekondari wataombwa pesa ya muhula wa pili.

Jibu langu kwa kifupi ni hili: msipande zote, na msingoje zote. Gawanyeni mbegu katika mafungu matatu. Sasa nitaeleza sababu, kwa maana mama akijua sababu, mwaka kesho hatahitaji kuuliza tena.

Kwa nini mvua ya mwezi wa 10 inadanganya

Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, upande wa kusini wa ikweta. Kwa hiyo tuna masika moja tu kwa mwaka. Mvua kamili inaanza mwezi wa 11 na inaendelea hadi mwezi wa 3. Mwezi wa 10 na mwezi wa 4 ni milango tu, mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Kuanzia mwezi wa 5 hadi mwezi wa 9 ni kipwa, karibu hakuna tone. Kwa mwaka mzima tunapata milimita kama 1,200 za mvua. Si kidogo, lakini zinakuja zote katika nusu moja ya mwaka.

Jua ndilo linaloongoza mvua. Mwezi wa 6 na wa 7 jua liko upande wa kaskazini, nasi tunapata baridi ya asubuhi na upepo mkavu wenye vumbi. Kuanzia mwezi wa 9 jua linarudi kusini. Udongo wetu unapata moto, hewa inapanda juu, na mahali pake panaingia hewa nyingine yenye maji. Mwezi wa 10 kazi hiyo haijakamilika. Ndiyo sababu ni mwezi wa joto kuliko yote, na mvua yake ni ya kupita. Wingu moja linapasuka juu ya Ruashi kwa nusu saa, na Kamalondo wanabaki na vumbi lao. Kisha jua linaweza kuwaka siku 10, hata 15, bila tone lingine.

Wakambo wetu walikuwa na alama zao. Waliona miti ya pori ikitoa majani mekundu, wakajua kipwa kinakwisha. Waliona inswa wakiruka jioni baada ya mvua, watoto wakakimbia na masahani. Alama hizo ni za kweli. Lakini tuzisome vizuri: zinatuambia kwamba mvua iko karibu, hazituambii kwamba imekuja kukaa.

Na sasa fikirini juu ya mbegu yenyewe. Mbegu kavu ndani ya kikaratasi inaweza kungoja miezi mingi bila shida. Mbegu iliyokunywa maji inavimba, inapasuka, inatoa mzizi mdogo kama uzi. Tangu saa hiyo haiwezi kulala tena. Mzizi ule uko karibu na uso wa udongo, mahali ambapo jua linakausha kwanza. Siku tatu nne za jua kali la mwezi wa 10 zinatosha kuuua. Mama anarudi shambani, anaona udongo mtupu, anasema: "Wameniuzia mbegu mbaya." Mara nyingi mbegu ilikuwa nzuri. Iliamshwa mapema, kisha ikaachwa bila maji.

Tulichokiona masika ya 2023 na 2024

Wengi wetu hatujasahau bei ya unga ya mwaka 2024. Katika masika yale, maji ya bahari kubwa ya Pasifiki yalikuwa na joto kupita kawaida. Wenye elimu ya hewa wanaita jambo hilo El Niño. Bahari hiyo iko mbali sana nasi, lakini ikipata joto hivyo, mara nyingi mvua inapungua katika nchi za kusini mwa Afrika, na inazidi upande wa mashariki.

Ndivyo ilivyokuwa. Nchini Zambia mahindi yalikauka yakiwa yanatoa maua, na tarehe 29 mwezi wa 2, 2024, rais wao alitangaza kwamba ukame umekuwa balaa la taifa. Sisi wa Katanga tunakula sana mahindi yanayopita mpaka wa Kasumbalesa. Jirani akikosa, meka ya unga inapanda kwetu. Na katika miezi hiyo hiyo, wenzetu wa Uvira na Kalemie waliona ziwa Tanganyika likipanda hadi kuingia ndani ya nyumba zao. Nchi moja, masika moja: huku watu wanatazama mawingu, kule wanahamisha vitanda.

Ninakumbusha hayo ili tuelewe bustani ya nyumbani ni kitu gani. Matuta manne nyuma ya nyumba hayawezi kujaza gunia la mahindi. Bukari haitoki huko. Lakini mwaka ambao unga unakula pesa yote ya nyumba, ni mboga inayokatwa kwanza katika sahani ya mtoto. Na mboga ya majani, lengalenga, matembele, sombe, majani ya maboga, ndiyo inayompa mtoto vitamini A ya macho na ya kujikinga na magonjwa, pamoja na madini ya kuongeza damu. Bukari peke yake inashibisha tumbo, lakini haimkomazi mtoto. Mama mwenye matuta yanayotoa majani kila juma amelinda sahani hiyo, hata kama sokoni kila kitu kimepanda.

Hesabu ya wamama 14

Turudi kwenye swali. Ninaandika kama ninavyoandika ubaoni.

Tuta moja la mita 5 kwa mita 1, katika joto hili, linahitaji karibu lita 20 za maji kwa siku, yaani bidoni moja. Matuta 10 yanahitaji bidoni 10 kila siku. Jua likiwaka siku 12 bila mvua, ni bidoni 120. Nani atazibeba? Hakuna. Kwa hiyo mkipanda yote leo na mvua ikasimama, mbegu zote zinakufa na pesa yote ya likelemba imekwisha.

Mkipanda matuta 3 tu, ni bidoni 3 kwa siku. Kwa siku 12 ni bidoni 36. Mko 14: kila mama akileta bidoni 3 katika siku hizo zote 12, mna 42. Inawezekana, hata zinabaki. Na kama mvua haitasimama, mmetangulia sokoni kabla ya wengine.

Sasa tuhesabu upande wa pili: kungoja kunapoteza nini? Lengalenga iliyopandwa vizuri inakatwa baada ya juma 4 au 5. Iliyopandwa mwanzo wa mwezi wa 11 inaingia sokoni mwanzo wa mwezi wa 12, tena unaikata juu na inachipua mara ya pili na ya tatu. Mnaona? Kungoja juma mbili kunapoteza juma mbili. Kuharakisha kunaweza kupoteza vyote. Na pesa ya shule ya mwezi wa 1 bado inaweza kufikiwa.

Basi mafungu ni haya. Fungu la kwanza, matuta 3 yaliyo karibu na maji, mpande sasa na mkubali kuyamwagilia. Lengalenga ndiyo ianze, kwa sababu mbegu yake ni ya bei ndogo na inakua mbio. Fungu la pili, matuta 4, mngoje mpaka udongo uwe umelowa kweli, kama nitakavyoeleza hapa chini. Fungu la tatu mlipande juma mbili au tatu baada ya la pili. Hilo lina faida nyingine: mboga hazitakomaa zote siku moja. Kila mwaka tunaona sokoni siku ambazo lengalenga ni nyingi hata hakuna anayeitazama, na juma linalofuata hakuna hata fungu moja. Mwenye kupanda kwa zamu anauza siku zote mbili.

Kwa wale wenye shamba la mahindi nje ya mji, neno langu ni gumu zaidi. Hamwezi kumwagilia shamba la mahindi kwa bidoni. Ngojeni mvua iliyokaa, mara nyingi ni kuanzia katikati ya mwezi wa 11. Na mahindi yakichipua, yatembeleeni kila juma, mfungue majani ya katikati. Yule kiwavi aliyeingia Afrika mwaka 2016, anayekula moyo wa muhindi, anapenda sana siku za jua kati ya mvua na mvua. Akiwa bado mdogo unaweza kumponda kwa vidole. Akishaingia ndani kabisa, umechelewa.

Kopo, rula na mkono

Utajuaje kwamba mvua imetosha? Usisikilize kelele za bati. Mvua ya dakika 10 yenye upepo inapiga kelele nyingi kuliko mvua ya usiku mzima.

Kipimo cha kwanza ni kopo. Tafuta kopo la maziwa ya unga ambalo pande zake zimesimama wima. Liweke mahali pa wazi, mbali na mti na ukuta, ulizungushie mawe lisianguke. Mvua ikiisha, ingiza rula ya mtoto na usome maji yamefika milimita ngapi. Kumbuka kwamba sifuri ya rula nyingi haianzi ukingoni kabisa. Andika katika kaye, kisha mwaga maji. Milimita 1 maana yake lita 1 imeanguka juu ya kila mita 1 ya mraba. Milimita 5 siku ya jua kali ni maji ya siku moja tu. Ukipata milimita 25 au 30 katika siku mbili au tatu, hapo tunaanza kuzungumza.

Kipimo cha pili ni mkono. Chimba katikati ya tuta shimo la kina cha shibiri moja, yaani toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Chukua udongo wa chini kabisa na uukamate katika ngumi. Ukikaa kama tonge la bukari ulipofungua mkono, umelowa. Ukimwagika kama unga, maji yameishia juu, na kupanda bado.

Mpeni kazi hiyo mtoto wa darasa la nne au la tano. Ni hesabu, ni elimu ya viumbe, ni kuandika, yote katika kopo moja. Darasani mwangu watoto wanaopima mvua nyumbani wanaelewa desimali upesi kuliko wale wanaozisoma ubaoni tu.

Maji ya bati na mgongo wa mtoto

Nyumba nyingi zetu zina bati, na bati ni shamba la maji. Chukueni nyumba ya mita 6 kwa mita 5. Ni mita 30 za mraba. Mvua moja ya milimita 20 inaangusha juu yake lita 600. Toa yanayomwagika pembeni, unabaki na karibu lita 500, yaani bidoni 25. Bidoni 25 zimepita mlangoni kwako bila kubebwa na mtu, na mara nyingi tunaziacha ziende kuchimba mtaro katika barabara.

Shida ni chombo. Pipa moja la lita 200 linapokea bidoni 10, basi. Ndiyo sababu ninaomba vikundi vifikiri: katika zamu za likelemba, zamu moja iwe ya mapipa na ya bati la kuelekeza maji. Pipa halioti, haliliwi na wadudu, na mwaka kesho bado liko. Mvua ya kwanza baada ya kipwa iachwe ipite, kwa sababu inaosha vumbi lote la miezi mitano. Kisha pipa lifunikwe kwa kitambaa kilichokazwa vizuri: mbu asitage mayai humo, na mtoto mdogo asitumbukie. Maji hayo ni ya mboga na ya kufua, si ya kunywa bila kuyatunza.

Neno hili la maji ninalisema kwa sababu ya jambo ambalo mwalimu analiona na mzazi mara nyingine halioni. Katika mwezi wa 9 na wa 10, bomba likikauka na kisima kikishuka, wasichana ndio wanaochelewa shuleni. Wanafika saa mbili na nusu, nguo zimelowa bega moja, wanasinzia kabla ya mapumziko. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Msichana wa miaka 10 ana uzito wa karibu kilo 30. Hakuna mama ambaye angekubali kubeba kichwani theluthi mbili za uzito wake mara tatu kila asubuhi, kisha akae kufanya hesabu ya sehemu.

Simkatazi mtoto kusaidia nyumbani. Ninasema: mpe bidoni ya lita 5, mpe jioni na si asubuhi, na umpe pia kaka yake. Bustani iliyopandwa ili kulipa masomo isije ikamwondoa mtoto darasani.

Kupunguza kiu ya tuta

Kuna njia za kufanya maji machache yatoshe, na karibu zote hazina bei.

Funika udongo. Nyasi kavu, majani ya muembe, mabua ya mahindi ya mwaka jana, unene wa vidole vinne, kati ya mistari ya mboga. Jua halifiki kwenye udongo, na maji uliyomwaga asubuhi bado yako jioni. Usiguse shina la mboga, acha nafasi ndogo, lisioze.

Mwagilia asubuhi mapema au jioni jua likiisha. Maji ya saa sita mchana ni zawadi kwa hewa. Na ni afadhali kumwaga vizuri mara moja, maji yashuke chini, kuliko kunyunyiza kidogo kidogo mara tatu. Mzizi unafuata maji: yakikaa juu, nao unakaa juu.

Tia mbolea ya takataka za jikoni, majani na samadi iliyooza kabisa. Udongo wetu mwekundu unapenda kuwa mgumu kama tofali wakati wa jua, na mbolea ya namna hiyo inaufanya ushike maji kama sifongo. Samadi mbichi ya kuku msiitie, inaunguza.

Tazama umbo la tuta. Wakati wa kipwa tuta lishuke chini ya uso wa ardhi kama sahani, ili maji yabaki ndani. Wakati wa masika tuta lipande juu kwa shibiri moja, ili maji yatoke. Wamama wengi wana umbo moja mwaka mzima, na kila nusu ya mwaka linawakosesha.

Maji ya kuoshea mboga na mchele yapelekeni bustanini. Maji yenye sabuni nyingi au javel yasifike huko.

Na jambo moja la kukumbuka mwaka kesho: miche ya matembele. Mvua ikianza, kila mtu anatafuta kamba za kupanda na hakuna anayezo, kwa sababu zimekauka wakati wa kipwa. Mama anayetunza kituta kimoja tu cha matembele karibu na mahali pa kuogea, penye unyevu siku zote, mwezi wa 11 ana miche yake, na anauzia mtaa mzima.

Mvua ikizidi

Mwezi wa 1 na wa 2 tutalia kilio kingine. Mvua ya kila siku inaosha mbolea na kuipeleka chini, mboga zinakuwa za manjano. Majani yaliyobanana yanapata madoa na kuoza. Basi pandeni kwa nafasi, chimbeni mtaro mdogo kati ya matuta, ondoeni jani lenye madoa mapema, na ongezeni mbolea iliyooza kidogo kidogo kila juma 3 badala ya nyingi mara moja.

Maji yakisimama kiwanjani, hayo ni maskani ya mbu. Na pale ambapo choo na kisima viko jirani, mvua kubwa inaviunganisha chini ya ardhi. Kisima kinatakiwa kiwe mita 30 toka chooni, na kisiwe upande wa chini yake. Katika viwanja vyetu vidogo hilo ni gumu, ninajua. Basi maji ya kisima hicho yawe ya kumwagilia mboga za kupikwa, na yale ya kunywa yachemshwe.

Udongo wa mji wetu

Siwezi kuzungumza juu ya bustani za Lubumbashi bila neno hili. Shaba ilianza kuyeyushwa katika mji huu mwaka 1911. Moshi na vumbi la zaidi ya miaka 100 vimeanguka juu ya udongo, zaidi upande ule upepo wa kipwa unakoelekea, na madini hayo hayaozi. Mboga za majani ndizo zinazoyabeba kuliko matunda na mbegu. Usiache kulima, lakini fanya haya: usilime kando ya kiwanda, ya lundo la taka za madini wala ya barabara ya malori, usimwagilie kwa maji ya mto unaopokea maji machafu ya viwanda, osha majani mara mbili tatu, hasa yaliyokatwa wakati wa vumbi, tia mbolea iliyooza na chokaa kidogo, kwa sababu katika udongo wenye chokaa madini hayaingii mzizini kwa urahisi. Mwenye shaka juu ya kiwanja chake alime gombo, nyanya na maharagwe, aache lengalenga kwa kiwanja kingine.

Kazi ya juma hili

Kwa kila nyumba: wekeni kopo moja la kupimia mvua, na mtoto mmoja aandike milimita kila asubuhi, hata siku ya sifuri. Kwa kila kikundi: pimeni bati la nyumba moja, fanyeni hesabu ya bidoni kama tulivyofanya, kisha muamue pipa litatoka wapi.

Kwa wamama 14 wa Katuba: pandeni matuta 3 na mpange majina ya wenye zamu ya maji. Wale waliosema "tupande" walikuwa na haki kwa matuta hayo 3. Wale waliosema "tungoje" walikuwa na haki kwa yale 7. Kwa hiyo hakuna aliyeshindwa, na wale wawili wasiosalimiana wapewe zamu ya siku moja, waende kisimani pamoja. Mtuletee milimita zenu mwisho wa mwezi, tuzisome hapa.

Mwalimu wenu anawatakia nyote juma jema.